Gari linavuma mbele kadiri linavyoongeza mwendo: ni tairi, beringi au gia boksi?

Swali: Shikamoo fundi. Ninaishi Makorora, Tanga, na kazi yangu iko Muheza, kwa hiyo barabara ya Segera naipita kila siku ya kazi. Gari langu ni dogo la Kijapani, otomatiki, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, tairi 195/65R15. Tangu masika yaishe linavuma upande wa mbele. Chini ya kilomita 40 kwa saa sisikii kitu. Kuanzia 50 mvumo unaingia, na nikifika 80 inabidi nipaze sauti nikiongea na niliyempakia. Mwezi huohuo nilibadilisha tairi mbili za mbele, nikaweka za mtumba. Fundi wa kwanza amesema beringi zote mbili za mbele zimekufa. Wa pili amesema ni gia boksi, nitafute ya mtumba. Nianze na lipi? Na je, niendelee kulitumia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usinunue gia boksi, na beringi pia zisubiri. Mafundi wawili kulisikiliza gari moja na kukupa majibu mawili si jambo la ajabu. Beringi iliyochoka, tairi iliyoliwa vibaya na gia boksi yenye kasoro huvuma kwa namna moja ukiwa umekaa kwenye kiti, maana vyote vinazunguka na vyote hupandisha sauti gari linapoongeza mwendo. Anayetaja ugonjwa kwa kusikia tu anabahatisha, hata kama sikio lake ni zuri. Mvumo unatakiwa ulazimishwe ubadilike: unabadilisha jambo moja, mengine yote unayaacha yalivyo, kisha unasikiliza. Ukigusa kitu na mvumo ukageuka, hapo ndipo pa kufuata. Usipogeuka, kitu hicho unakitoa kwenye orodha na pesa yako inabaki mfukoni.

Vipimo vingi vya namna hii utavifanya mwenyewe, bila kufungua nati hata moja. Chukua mtu wa kukusaidia kusikiliza, akae mbele kwanza kisha ahamie nyuma, kwa sababu sauti hutembea kwenye bodi la gari. Nimeshaona magari yaliyoletwa kwa mvumo wa mbele, kumbe tairi ya nyuma ndiyo inayopiga kelele. Funga vioo na uzime redio. Kama una keria juu ya paa, itoe kwanza, maana upepo wa baharini ukiipiga kwa ubavu nayo huvuma.

Tuanze na injini na gia boksi, kwa kuwa ndiko ulikotishiwa gharama kubwa. Ukishavuka Pongwe, mahali barabara imenyooka na haina msongamano, shika mwendo mmoja, tuseme 70. Bonyeza kitufe cha O/D (ovadraivu, yaani gia ya juu kabisa) kwenye mpini wa gia ili uizime, au kama gari lako halina, sogeza gia kwenye S au 3. Injini itaanza kuzunguka kwa kasi zaidi huku mwendo wa gari ukibaki 70. Sikiliza. Mvumo ukibaki vilevile, injini haimo. Rudisha gia kama ilivyokuwa, halafu kanyaga mafuta kidogo na uachie, kanyaga na uachie. Meno ya gia yanapobeba nguvu ya injini husukumana kwa upande mmoja, na ukiachia mafuta yanabebana kwa upande wa pili. Ndiyo maana mlio wa gia au wa difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) iliyomo ndani ya gia boksi kwa kawaida hubadilika pale pale mguu unapotoka kwenye mafuta: unakuwa mwembamba, unapotea, au unahamia wakati wa kuachia. Beringi ya gurudumu na tairi hazijali mguu wako unafanya nini.

Kipimo cha mwisho katika hilo ni kupeleka gia kwenye N kwa sekunde chache, barabara ikiwa tupu mbele na nyuma, na kuliacha gari lijiendee. Injini iache ikiwaka. Usijaribu kuizima gari likiwa kwenye mwendo, maana usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake. Kama umepita hatua zote tatu na mvumo haujali chochote isipokuwa mwendo wa gari lenyewe, mshukuru fundi wa pili na uachane na habari ya gia boksi. Kwa maelezo uliyonipa, naona utafika hapo haraka. Gia boksi inayokaribia kufa mara nyingi huonyesha na dalili nyingine, kama kuchelewa kuingia gia, kupiga kishindo inapobadilisha, au oili nyeusi yenye harufu ya kuungua. Hukutaja hata moja.

Sasa tubaki na tairi na beringi. Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu kwako washtakiwa hawa wawili wamefika pamoja: masika yamepita na tairi za mtumba zimeingia mwezi uleule.

Nianze na masika, uone beringi inakufaje. Ndani yake kuna gololi za chuma zinazoviringika kwenye njia laini kama kioo, zimezungukwa na grisi, na sili pande zote mbili inayozuia uchafu. Ukitembea, habu, yaani kitovu ambacho gurudumu limefungwa juu yake, inapata moto. Ukaingia kwenye dimbwi la barabarani, tena la maji yanayofika katikati ya gurudumu, hewa iliyo ndani inapoa ghafla, inasinyaa na kuvuta maji yapite kwenye sili iliyochoka. Siku hiyo husikii kitu. Maji yanaiharibu grisi, kutu inaanza, na baada ya muda njia ya gololi inatoka vijishimo. Kila gololi inayopita juu ya kijishimo inagonga. Tairi yako ina mzunguko wa karibu mita 2, kwa hiyo kwenye 80 gurudumu linazunguka mara 11 hivi kwa sekunde, na kila mzunguko mmoja unapitisha gololi kadhaa juu ya shimo lilelile. Hayo ni makumi ya mipigo kila sekunde, na sikio haliwezi kuitenganisha tena, linaisikia kama mvumo mmoja. Kwenye 40 mipigo inapungua nusu na nguvu yake ni ndogo, inamezwa na sauti nyingine za gari. Ndiyo maana wewe unaanza kuusikia kwenye 50.

Wanaopenda kushuka na gari ufukweni mpaka magurudumu yaguse maji, wajue kwamba maji ya chumvi yanafanya kazi hiyo kwa haraka zaidi. Mashine ya kuoshea gari ikielekezwa moja kwa moja kwenye sili nayo inasukuma maji ndani.

Kipimo cha beringi barabarani ni uzito. Gari likikata kona kuelekea kulia, bodi linaegemea kushoto na magurudumu ya kushoto yanabeba zaidi. Kwetu tunazunguka kipilefti kwa kukata kulia, kwa hiyo pale ni upande wa kushoto unaobanwa. Mwendo wa kwenye kipilefti ni mdogo, huenda usisikie kitu, basi tafuta kona ndefu isiyo kali nje ya mji, au kwenye sehemu iliyonyooka, huna mtu mbele wala nyuma, sogeza usukani taratibu kulia kisha kushoto ndani ya njia yako, mwendo 60 au 70. Mvumo ukipanda unapokata kulia na ukatulia unapokata kushoto, shuku beringi ya kushoto. Ukiwa kinyume chake, shuku ya kulia. Nasema shuku, kwa sababu beringi nyingi za magari kama lako zina safu mbili za gololi, na kona haileti uzito wa juu tu, inasukuma na kwa ubavu. Safu ya ndani ikiwa ndiyo iliyoumia, wakati mwingine beringi hulia upande ambao hukuutegemea. Kipimo hiki kinakuelekeza pa kwenda kutazama, hakitoshi kununulia kipuri.

Kama ningelazimishwa kukisia upande, ningesema kushoto, kwa vile tunaendesha kushoto na gurudumu hilo ndilo linalokula kingo za lami zilizomomonyoka kila unapompisha mwenye lori. Lakini nisingekubali ufungue gari kwa kisio langu.

Tairi nazo zina kipimo chao barabarani, nacho ni lami yenyewe. Njiani kuna mahali lami ni laini, pana mahali kokoto zimejitokeza. Sikiliza pale gari linapovuka kutoka moja kwenda nyingine, mwendo ukiwa uleule. Mvumo wa tairi hubadilika papo hapo, wakati mwingine unakaribia kupotea. Mvumo wa beringi unaendelea kama hakuna kilichotokea, isipokuwa kelele za kawaida za lami ya kokoto zinaweza kuufunika, kwa hiyo sikiliza ule ulioujua, usisikilize kelele zote kwa pamoja.

Kisha egesha, kata usukani wote upande mmoja ili uso wa tairi ya mbele ujitokeze, na uupitishe mkono. Kaza kiganja, kipitishe juu ya vitufe vya tairi kwa kufuata mzunguko wa tairi kuelekea mbele, halafu kirudishe nyuma. Tairi nzuri utaisikia sawa pande zote mbili. Iliyoliwa vibaya inateleza ukienda huku na inakukwaruza ukirudi, kama meno ya msumeno. Angalia hasa bega la ndani, lile lisiloonekana ukiwa umesimama nje. Tafuta na mabonde: sehemu imelika, inayofuata imebaki juu, halafu imelika tena. Tairi ya namna hiyo kila ikizunguka inaipiga lami kwa zamu, na kwa ile mizunguko 11 kwa sekunde unapata ngurumo ambayo fundi yeyote angeweza kuapa kwamba ni beringi. Vaa glovu kama tairi ina nyaya zilizoanza kutoka, na kama zimeanza kutoka, tairi hiyo haifai kwa safari yoyote.

Soma pia tarehe yake. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna namba nne kwenye kijiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Zikikosekana upande wa nje, zitazame upande wa ndani. Mpira uliozeeka unakuwa mgumu, unapiga kelele hata kama vitufe bado ni virefu, na kwenye mvua haushiki. Watu wetu hununua tairi ya mtumba kwa kutazama kina cha vitufe peke yake. Tafadhali, tarehe iwe ya kwanza kutazamwa.

Tairi ya mtumba inakuja na historia ya gari jingine. Huenda ililiwa kwa shokapu zilizochoka au alaimenti (mkao wa magurudumu) mbovu za mwenyewe wa kwanza, wewe umeipokea ikiwa tayari imeharibika. Hivyo usikimbilie kubadilisha shokapu zako kwa sababu tu tairi ina mabonde. Ila kama tairi zako za zamani nazo zilikuwa zinalika bega moja, tatizo ni la gari lako na hata mpya zitaliwa vilevile.

Baada ya hapo, fanya kipimo ambacho naona kwako ndicho cha thamani kuliko vyote: badilishana tairi. Nenda kwa fundi pancha, ahamishe za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele, kila moja ibaki upande wake wa kushoto au kulia. Ajaze upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, akaze nati kwa kukingamisha, na wewe uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kisha rudia safari ileile, mwendo uleule. Mvumo ukihamia nyuma au ukabadilika sauti, umekwisha kupata jibu, na jibu ni tairi. Ukibaki mbele, na sauti yake ni ileile, tairi zimetoka kwenye kesi na sasa una sababu ya kwenda gereji kwa ajili ya beringi. Gharama yake ni kazi ya fundi pancha tu, na ndicho kipimo ambacho hakuna fundi kati ya wale wawili aliyekufanyia.

Gereji nayo usiingie ukasema "nibadilishie beringi". Sema unataka zikaguliwe, na usimame hapo uone. Gari linyanyuliwe kwa jeki na kuwekwa kwenye stendi, sehemu iliyo sawa, gia ikiwa N, hendibreki imekazwa na magurudumu ya nyuma yamezibwa kwa mawe. Fundi azungushe gurudumu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili aushike kwenye springi ya shokapu. Springi inapokea mtetemo kutoka kwenye habu. Beringi nzima haisikiki kabisa vidoleni. Iliyokufa inatetema kama kuna mchanga unasagwa ndani, na ukizungusha kwa utulivu utaona mahali inakwama kidogo kisha inaachia. Mwombe na wewe ushike. Pima upande wa pili pia, ulinganishe, maana pedi za breki zinagusa diski kidogo na kutoa mkwaruzo usio ugonjwa. Akizitoa pedi, mambo yanakuwa wazi zaidi.

Kisha alishike gurudumu juu na chini alitikise. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki na atikise tena. Breki inaifunga diski na habu pamoja, kwa hiyo mchezo ukiisha ulikuwa wa beringi, na ukibaki utafute kwenye boljointi, kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa chini. Likicheza ukilishika kushoto na kulia tu, tazama tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Ila jambo moja linawapotosha wengi: gurudumu lisilocheza halimaanishi beringi ni nzima. Beringi ya kisasa inaweza kuvuma kwa muda mrefu kabla ya kulegea. Ukimsikia fundi anasema "haichezi, kwa hiyo ni nzima", mwambie aishike springi.

Wapo wanaopandisha gari kwenye jeki, wanawasha injini na kutia D ili wasikilize. Usiruhusu lifanyike kwa gari lako likiwa kwenye jeki. Gurudumu moja tu likiwa juu, difu inalizungusha mara mbili ya mwendo unaoonyeshwa na mshale wa spidi, na gari likitikisika kidogo linaruka na kumkanyaga aliyelala chini. Tena gurudumu lililo hewani halibebi uzito wa gari, na beringi nyingi hazivumi bila uzito, kwa hiyo hatari yote hiyo mara nyingi haikupi jibu.

Ikithibitika ni beringi, badilisha ile iliyoumwa. Sioni sababu ya kubadilisha mbili kwa pamoja kama ya pili inazunguka kimya. Shokapu ndizo zinazotakiwa ziende kwa jozi. Kwa magari mengi ya aina yako beringi imeshindiliwa ndani ya chuma kinachobeba habu, na kuitoa kunahitaji mashine ya presi. Uliza kabla: mna presi, au mnatumia nyundo? Beringi mpya inayopigwa nyundo, au inayosukumwa kwa kubanwa ringi ya ndani wakati inayoingia kwenye chuma ni ya nje, inapata vijishimo siku hiyohiyo, na baada ya wiki chache unarudi na mvumo uleule ukidhani umeuziwa bandia. Habu yenyewe ikaguliwe pale inapokaa beringi. Ikiwa imelika au imepata moto mpaka ikabadilika rangi, beringi mpya haitakaa sawa. Kama gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki), baadhi ya beringi zina sumaku kwenye sili ya upande mmoja, na upande huo lazima uelekee kwenye sensa, la sivyo taa itawaka.

Nati kubwa ya draivshafti (shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu) iwe mpya, ikazwe kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha gari lako, kabla gari halijashushwa chini. Kwa magari madogo mengi kipimo hicho ni karibu au zaidi ya Nm (nyutoni-mita) 200, na hakikisiwi kwa mashine ya upepo. Gari likisukumwa au kushushwa wakati nati imelegea, beringi mpya inaumia. Na kama bolti za shokapu zilifunguliwa, peleka wili alaimenti. (Wenye Hiace za zamani watakaosoma hapa: za mbele kwenu nyingi ni za rola zenye umbo la pia, zinarekebishwa na kupakwa grisi upya, utaratibu wake ni mwingine.)

Swali lako la mwisho. Kama ni mvumo tu, usukani umetulia na gurudumu halichezi, gari litakufikisha kwa fundi pancha na gereji, na litafanya hivyo vipimo vya Pongwe. Safari za kila siku za Muheza ningezisimamisha, upande basi kwa siku chache mpaka upate jibu, kwa sababu beringi haitangazi siku itakayoacha kuvuma na kuanza kulegea. Ikilegea, gurudumu linayumba, linakula sili, sensa na diski, na mwisho linaweza kukwama au kutoka kabisa. Mvumo ukigeuka kuwa wa chuma kusaga chuma, usukani ukitetema, taa ya ABS ikiwaka, au ukisimama ukakuta rimu moja ina moto kuliko mwenzake huku breki za upande huo hazijakwama, egesha hapohapo uite gari la kuvuta, hata kama umeshafika Kange na nyumbani unapaona.